Aldomet inanilaza mchana kutwa na presha bado 150/95. Kwa nini niliachishwa losatani yangu?

#1 MwalimuPasua
Habari za jioni wadau. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, nina mimba ya pili, wiki ya 24. Presha ninayo tangu mimba ya kwanza. Ilipanda, nikajifungua, ikagoma kushuka. Nikawa natumia losatani 50 kila asubuhi na ilikaa vizuri kabisa, 125/80 hivi. Nilipogundua nina mimba, kliniki wakaniachisha losatani palepale wakaniandikia Aldomet 250 mara tatu kwa siku. Tangu hapo ni kusinzia tu. Juzi darasa la tatu wanafanya zoezi, mimi nimelala, nimeamshwa na kengele. Na presha yenyewe haishuki: kliniki iliyopita 150/95, ya kabla yake 146/92.

Mama mkwe, yuko Kibosho, anasema niache vidonge vyote, presha ya mimba inaondoka na mimba. Shoga yangu anasema nirudie losatani kimya kimya maana ndiyo mwili umeizoea, na hizi za sasa zitamdumaza mtoto. Nesi alisema tu "hiyo hairuhusiwi", foleni ilikuwa ndefu sikuuliza zaidi. Mwenye kujua anieleze: dawa iliyonifaa imegeukaje kuwa mbaya, na hii mpya mbona haifanyi kazi?

#2 MangiMtata
Kusinzia darasani kwa kibali cha daktari. Walimu wenzako wanakuonea wivu.

#3 NesiMstaafu
Mwalimu, hiyo losatani usiiguse. Nimestaafu nikiwa wodi ya wazazi, na hili nimelieleza mpaka sauti ikakauka. Mtoto akiwa tumboni anakojoa, na kuanzia katikati ya mimba mkojo wake ndio sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka. Losatani, na vivyo hivyo kaptoprili, enalaprili na lisinoprili, zinadhoofisha figo za mtoto. Asipokojoa maji yanapungua, mapafu hayapati nafasi ya kukua, hata mifupa ya fuvu inaweza isikomae vizuri. Kwako wewe dawa ilikuwa nzuri. Tatizo ni huyo mpangaji.

Hilo la pili, la kwa nini Aldomet haishushi, lina majibu mengi. Ngoja wengine waseme.

#4 BintiMachame
Mimi nilimeza kaptoprili karibu miezi miwili sijui kama nina mimba. Mtoto yuko darasa la nne na anaongoza kwa kelele. #3 usitutishe.

#5 NesiMstaafu
Sijamtisha mtu. Mwanzo wa mimba si sawa na mwezi wa tano au wa saba; madhara ya figo niliyoyasema ni ya kuanzia mwezi wa nne kwenda mbele. Ndiyo maana tunasema ukijua tu una mimba nenda ubadilishiwe, na usikae unalilia zile ulizomeza kabla hujajua. Hongera kwa mtoto.

#6 MuuzaDawaHimo
Mwalimu, swali dogo. Zile FEFO za kliniki, vidonge vya kuongeza damu, unameza saa ngapi?

#7 MwalimuPasua
Asubuhi, pamoja na Aldomet. Nazimeza zote kwa mkupuo mmoja nisisahau, halafu chai.

#8 MuuzaDawaHimo
Nilijua. Wajawazito karibu wote wanafanya hivyo na hakuna anayewaambia. Madini ya chuma yaliyomo kwenye FEFO yakikutana na methildopa, ndiyo hiyo Aldomet yako, tumboni yanaizuia isiingie vizuri kwenye damu. Si hadithi za kijiweni, lilipimwa miaka ya 80: watu waliokuwa wametulia kwa methildopa walipewa vidonge vya chuma na presha ikapanda tena. Kwa hiyo dozi yako ya asubuhi unaimeza lakini mwili hauipati yote.

Usiache FEFO, damu unaihitaji. Itenganishe tu. Iweke muda wa kulala, Aldomet ya jioni iwe imeshapita saa mbili au zaidi. Mwambie na daktari wako. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kulaumu dawa.

#9 KijanaNgarenaro
Sasa FEFO ni mara moja kwa siku, Aldomet ni mara tatu. Hizo dozi mbili nyingine zimegoma kwa sababu gani? Mimi naona dozi ni ndogo tu. Mke wangu hapa Arusha alianza hivyohivyo 250 mara tatu, ikawa haishuki, wakampandisha mpaka 500 mara tatu, ndipo ikakaa 130 na kitu. Na FEFO alikuwa anameza muda wowote anaojisikia.

#10 NesiMstaafu
#9 ana hoja. 250 mara tatu ni ya kuanzia. Inapandishwa taratibu, na mwisho wake kabisa ni gramu 3 kwa siku, ingawa madaktari wengi hawafiki huko. Wanaongeza dawa ya pili kuliko kumlaza mama wa watu. Huo usingizi unatokana na dawa kufanyia kazi kwenye ubongo, ndiko inakozishika zile amri zinazobana mishipa. Kwa wengi unapungua baada ya wiki moja mbili, halafu dozi ikipandishwa unarudi kidogo. Sasa niambie ukweli mwalimu, hizo za mchana unazimeza kweli ukiwa shuleni?

#11 MwalimuPasua
Mama nesi shikamoo. Nazimeza... siku nyingi. Siku ya kusahihisha mitihani naisogeza mpaka nirudi nyumbani.

#12 MangiMtata
Kesi imefungwa. Mshtakiwa amekiri.

#13 KijanaNgarenaro
Haijafungwa. Kusogeza siku moja moja hakukuletei 150 mara mbili mfululizo.

#14 MzeeWaKahawa
Vijana mnakimbilia vidonge. Mwanamke ana tumbo, anashuka daladala, anapanda ule mteremko kwa miguu, anafika anahema, nesi anamvisha kile kitambaa hapohapo amesimama mlangoni. Mimi mwenyewe ukinipima hivyo nitaandikiwa kulazwa. Mtu akae kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini haikukunjwa, mkono usawa wa moyo, mkojo ameshatoa, na afunge mdomo. Kahawa asiwe amekunywa nusu saa iliyopita, nami nasema hivyo wakati kahawa ndiyo imenisomeshea watoto.

#15 DadaKijenge
Mzee umenena. Na kitambaa chenyewe! Nilikuwa na kliniki moja wana kitambaa kimoja kwa watu wote, na mkono wangu mimi si wa mchezo. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene kinasoma juu kuliko ilivyo. Wakanisomea 148, nusura nianzishiwe dawa. Daktari mwingine akaja na kipana, 132. Mtu yuleyule, mkono uleule, asubuhi ileile.

#16 MangiMtata
"Mkono wangu si wa mchezo." Dada Kijenge nimekuogopa.

#17 MwalimuPasua
Mkono wangu mimi ni mwembamba, kitambaa kinazunguka mara mbili. Ila kweli nilipimwa nikitoka kwenye daladala. Nyumbani nimeazima mashine ya jirani, jana jioni nimekaa kwenye kochi nimetulia, 142/90.

#18 NesiMstaafu
Basi hoja ya mzee ni nzuri lakini haimalizi. Ukipima nyumbani umetulia, mpaka wa kusema presha iko juu ni 135/85, si 140/90 ya kliniki. 142/90 kwenye kochi ni presha ya kweli.

Na kuna jambo linanisumbua zaidi. Mimba ikifika katikati presha ya mama kwa kawaida hushuka yenyewe, halafu inapanda tena kuelekea mwisho. Wewe uko kwenye muda wa kushuka na imekaa juu. Usisubiri tarehe ya kadi. Nenda wiki hii wapime mkojo waangalie protini, na damu kama wataona inafaa. Mwenye presha ya zamani anaweza kupata na ile ya mimba juu yake, na hiyo haijali kama FEFO umeitenganisha.

#19 MkweWaRombo
Jamani mnazunguka wee, mmeacha la mezani. Mwalimu yuko Pasua, mama mkwe Kibosho. Kiburu, yale maharage na ndizi ya kupondwa, kinalainishwa na nini? Magadi.

#20 MwalimuPasua
Eeh, kiburu analeta kila Jumapili. Lakini chumvi hatii nyingi jamani, msimsingizie mama wa watu.

#21 MuuzaDawaHimo
Chumvi si lazima uionje. Kinachopandisha presha kwenye chumvi ni sodiamu, na magadi yamejaa sodiamu tupu, hayo ya Ziwa Natron huko. Ulimi hausemi "chumvi imezidi" lakini mwili unahesabu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, tena hapo umeshahesabu ya mkate, ya nyama choma na ya supu ya asubuhi. Maharage ukiyaloweka usiku kucha yanaiva bila magadi.

#22 MkweWaRombo
Asante. Kesi imefungwa upya.

#23 NesiMstaafu
Punguzeni magadi, sikatai, hata mimi nimepunguza. Lakini msimwambie mjamzito akate chumvi kabisa akidhani anazuia kifafa cha mimba. Haizuii. Mwenye presha ya muda mrefu ale kwa kiasi kama mtu mwingine yeyote mwenye presha, basi. Nimeona akina mama wanakula ugali na mchicha usio na chumvi miezi mitatu, kliniki hawaendi, wanasema "mimi naishi kwa masharti".

#24 ChugaMweusi
Ingekuwa 2011 mngekuwa mmeshakodi Landcruiser mpaka Samunge kwa Babu wa Loliondo, kikombe kimoja cha dawa yake shilingi 500, uzi umeisha.

#25 BintiMachame
Usiturudishe huko. Foleni ya magari siku tatu, na wangapi waliacha vidonge vyao vya sukari na presha kwa sababu wameshakunywa.

#26 BabaMapacha
Mimi presha yangu naitibu kwa juisi ya choya na kitunguu saumu. Mwezi wa nne huu sijameza kidonge. Mwalimu ajaribu.

#27 MuuzaDawaHimo
BabaMapacha, wewe huna mimba. Choya inaweza kushusha presha kidogo kwa mtu wa kawaida, hilo limepimwa. Kumpa mjamzito glasi kubwa kila siku kama dawa, hapana. Na wewe mwenyewe ukapime, "sijisikii vibaya" si kipimo. Presha haina kengele.

#28 BabaMapacha
Nitapima Mungu akipenda.

#29 ShangaziMarangu
Nimesoma toka juu. Naomba niseme ya mdogo wangu, kwa sababu ya hayo maneno ya mama mkwe kwamba inaondoka na mimba.

Mimba yake nzima presha haikusumbua. Akajifungua salama, akarudi nyumbani, akawekwa ndani kama desturi yetu: mtori, maziwa, supu, hagusi ndoo. Siku ya tano akasema kichwa kinamuuma mbele, macho yanaona vimulimuli. Tukampa panadol. Bibi akasema ni baridi imempiga mgongoni, akaongezewa blanketi. Jioni meno yakakazana, akaanza kutikisika. Nyumba nzima ikajaa kelele. Mmoja anakemea mapepo, mwingine anataka tuulizane ni upande gani wa ukoo wenye deni na mizimu, na mimi nimeshika kijiko nimeambiwa nimtie mdomoni. Kijana wa bodaboda alikuwa ameleta unga, akachungulia akasema, "Hicho ni kifafa cha mimba, mke wa kaka yangu alifanya hivihivi." Nikamjibu kwa hasira, mimba ipi, mtoto si huyu hapa? Akasema hata kama ameshajifungua. Tukakodi Noah usiku huohuo. Alipofika presha 180/115. Wakamchoma magnesi na ya kushusha presha. Yuko hai, mtoto anatembea.

Kwa hiyo kutoka kwa mimba si kutoka kwa presha.

#30 MwalimuPasua
Mungu mkubwa. Nimesoma nikasisimka. Hii naisoma kwa sauti Jumapili kule Kibosho.

#31 NesiMstaafu
Shangazi umefanya la maana kuandika. Nyongeza mbili tatu. Presha baada ya kujifungua mara nyingi hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati mama ameshatoka wodini na watu wanakuja kumpongeza. Kifafa kinaweza kuja ndani ya zile wiki sita. Kichwa kisichosikia panadol, vimulimuli au ukungu machoni, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, kuvimba uso ghafla: hapo ni gari, si blanketi. Na kijiko mdomoni msitie, mlazeni kwa ubavu.

Mama mkwe ana nusu ya ukweli. Ipo presha inayoanza baada ya wiki ya 20 na kwa wengi inaisha baada ya uzazi, ingawa si siku ya kujifungua. Ya kwako mwalimu ilikuwepo kabla ya mimba hii. Hiyo haina safari.

#32 KijanaNgarenaro
Nesi, magnesi ndiyo inayoshusha presha?

#33 NesiMstaafu
Hapana, na hata wanafunzi wetu walikuwa wanachanganya. Magnesiamu salfeti ni ya kuzuia na kutuliza kifafa. Utafiti mkubwa wa 2002, wanawake kama 10,000 wa nchi 33, ulionyesha inapunguza hatari ya kifafa kwa nusu hivi. Presha yenyewe ikifika 160/110 inashushwa kwa dawa nyingine, haidralazini ya mshipa, labetaloli, au nifedipini ya kumeza.

#34 DadaKijenge
Nifedipini ndiyo niliyomalizia nayo mimba. Wiki ya kwanza kichwa kiligonga, uso ukawaka moto nikadhani nina homa. Baadaye ikazoeleka, miguu tu ikavimba kiasi. Lakini usingizi hamna, nikawa mtu. Kwani mwalimu hawezi kupewa hiyo badala ya Aldomet?

#35 MuuzaDawaHimo
Anaweza, daktari akikubali. Kuna jaribio lilifanyika Nagpur, India, likachapishwa 2019: wajawazito wenye presha ya juu sana wakagawanywa, wengine nifedipini, wengine labetaloli, wengine methildopa, zote za kumeza. Zote zilifanya kazi, nifedipini ikaongoza. Ila ile ya kila siku ni ya taratibu, imezwe nzima. Nina wateja wanaitafuna au wanaiweka chini ya ulimi "ishuke haraka". Ikishuka ghafla damu inampungukia mtoto. Labetaloli nayo si ya mwenye pumu. Mwalimu, una pumu?

#36 MwalimuPasua
Sina. Baba ndiye anayo.

#37 ShogaWaMwalimu
Mimi ndiye shoga niliyetajwa huko #1, nimeletewa kiungo. Sijasema kwa ubaya. Binamu yangu alitumia dawa ya presha mimba nzima akazaa mtoto wa kilo mbili. Hilo mnalielezaje?

#38 MuuzaDawaHimo
Karibu. Alitumia ipi? Ikiwa ni atenololi, hiyo kweli inahusishwa na watoto wadogo, ndiyo maana inaepukwa. Lakini pia presha yenyewe isiyotibiwa inabana kondo la nyuma na mtoto anakosa chakula. Huwezi kumwona mtoto mdogo ukajua ni dawa au ni ugonjwa.

#39 NesiMstaafu
Kuhusu kudumaza: Marekani walifuatilia wanawake 2,408 wenye presha ya muda mrefu, majibu yakatoka 2022. Waliotibiwa kuhakikisha wako chini ya 140/90 walipata matatizo machache zaidi kuliko walioachwa mpaka ifike 160, na watoto wao hawakuwa wadogo zaidi. Na Aldomet ndiyo yenye historia ndefu kuliko zote. Watoto ambao mama zao waliitumia walifuatiliwa mpaka umri wa miaka saba na nusu, ripoti ya 1982, hawakuonekana kuwa nyuma ya wenzao.

#40 ShogaWaMwalimu
Atenololi au siyo, sikumbuki. Nitamuuliza. Lakini bado naona kilo mbili ni ndogo.

#41 MangiMtata
Wachaga presha yetu ni moja tu, ada ya Januari na nauli za Desemba. Hakuna kidonge.

#42 ChugaMweusi
Na kuhesabu hela usiku.

#43 MzeeWaKahawa
Mnajua kaptoprili ilitoka kwenye sumu ya nyoka? Ya swila. Nilisikia redioni. Sasa mnashangaa nini ikimdhuru mtoto.

#44 MuuzaDawaHimo
Mzee, nyoka ni kweli, swila si kweli. Ni nyoka wa Brazil anaitwa jararaka. Wanasayansi waliona sumu yake inaangusha presha ya anayeumwa, wakaichunguza, wakatengeneza dawa maabara kwa kuiga namna inavyofanya kazi. Marekani iliidhinishwa 1981. Kwenye kidonge hamna tone la sumu.

#45 MzeeWaKahawa
Nyoka ni nyoka.

#46 BintiMachame
Hakuna aliyetaja aspirini. Mimba yangu ya pili nilipewa ile ndogo ya 75 kila usiku kwa sababu ya kwanza ilikuwa na kifafa. Na vidonge vya kalisi vikubwa kama vya ng'ombe. Safari hii nilivuka salama. Sijui ni aspirini, ni kalisi au ni maombi ya mama.

#47 BabaMapacha
Aspirini si ya kichwa?

#48 NesiMstaafu
Dozi ndogo inafanya kazi nyingine kabisa, inasaidia kondo la nyuma lipate damu vizuri. Inaanza mapema, kuanzia wiki ya 12, nzuri zaidi kabla ya 16, kwa walio kwenye hatari, na mwenye presha ya zamani kama mwalimu yumo. Kalisi ni kwa wanaokula maziwa na dagaa kidogo. Nayo isimezwe pamoja na FEFO, zinagombana. Mwalimu uliza kama ilikupasa kupewa. Usijinunulie. Na maumivu ya mgongo meza panadol, diklofenaki waachie wanaume wa bodaboda, inapandisha presha na haimfai mtoto.

#49 MwalimuPasua
Nimerudi wadau. Nilikwenda juzi. Nilikaa kwenye benchi zaidi ya nusu saa kabla ya kupimwa kwa sababu nesi alikuwa chai, 144/92. Mkojo hauna protini, damu imechukuliwa. Daktari amepandisha Aldomet iwe 500 mara tatu, FEFO amesema kweli ihamie usiku, akashangaa nimejuaje. Akasema ikikaa hivyohivyo ataongeza nifedipini. Aspirini alisema ilitakiwa tangu mwanzo, amenianzishia hata hivyo. Nimeambiwa pia nikishajifungua Aldomet ibadilishwe haraka kwa sababu inaweza kumtia mama huzuni, na zipo nyingine za presha zinazoruhusiwa wakati wa kunyonyesha. Kurudi ni baada ya wiki, si mwezi.

#50 MwalimuPasua
Na leo nyumbani 134/84! Nimepima mara mbili.

#51 MuuzaDawaHimo
FEFO hiyo. Nilisema.

#52 KijanaNgarenaro
FEFO wapi, dozi imepanda mara mbili! Kama ni FEFO ingeshuka bila kupandisha.

#53 MzeeWaKahawa
Amepima amekaa ametulia. Basi.

#54 MkweWaRombo
Mwalimu, Jumapili hii kiburu kililetwa?

#55 MwalimuPasua
Hakikuletwa. Nilimsomea ile #29 kwa simu, amenyamaza mpaka leo.

#56 MkweWaRombo
Nimemaliza.

#57 NesiMstaafu
Siku moja ya 134 si ushahidi wa mtu yeyote hapa. Andika kwenye daftari asubuhi na jioni, tarehe na saa, peleka kliniki. Na usishushe dozi kwa sababu umeona namba nzuri.

#58 MzamiajiMpya
Samahani wakuu, nimeingia leo. Mimi ni mwanaume, niko Usa River, natumia amlodipini 10, miguu imevimba viatu haviingii. Ni dawa au ni figo? Na hiyo FEFO nami nitenganishe?

#59 MangiMtata
FEFO umeipata wapi wewe mwanaume? Fungua uzi wako mkuu.

#60 MzamiajiMpya
Ni ya mke wangu, nilidhani inaongeza nguvu. Uzi unafunguliwa wapi? Natumia simu ya mtoto.